Tamari Katika Nyumba ya Mfalme
Somo kwa wazee wa kanisa, walimu wa kipaimara na walimu wa watoto. Neno la kusoma: 2 Samweli 13:1–22



Ni mara chache mno sura hii kusomwa mbele ya watu wetu. Sisi wenyewe tumehubiri miaka mingi, wala hatukupata kuihubiri hata mara moja. Twamhubiri Daudi na Goliathi. Twamhubiri Daudi na Bathsheba kwa ajili ya toba yake. Kisha twaruka mpaka kwa Absalomu aliyenaswa kichwa chake katika mwaloni. Hapo katikati twamwacha Tamari. Mwalimu mmoja wa kipaimara alituuliza kwa nini twaruka, nasi tukamjibu kwamba ni neno la aibu, halifai masikioni mwa watoto. Akanyamaza kwa heshima. Baadaye tulitambua ya kuwa tumemjibu vibaya. Maana wako watoto wanaolijua neno hili kuliko sisi, kwa kuwa wametendwa hivyo. Tusiotaka kulisikia ni sisi watu wazima.

Basi twawaomba mfungue Biblia zenu mahali hapo, msome polepole mistari yote 22, kisha mrudi katika somo hili.

Amnoni ni mzaliwa wa kwanza wa mfalme. Si mgeni aliyevizia njiani, wala si mnyang'anyi wa porini. Ni mtu wa nyumbani, mwenye heshima, anayetazamiwa kukaa katika kiti cha baba yake. Litieni moyoni jambo hili kabla ya mengine. Wazazi wetu huwaonya watoto juu ya watu wasiowajua, nao wafanya vema. Walakini mtoto mara nyingi hutendwa vibaya na mtu anayemjua, anayemwamkia shikamoo kila siku, na ambaye mama yake humsifu.

Kisha yuko Yonadabu, mtu wa akili nyingi. Yeye hakumgusa Tamari. Alitoa shauri tu. Nalo shauri lake angalieni jinsi lilivyovikwa nguo ya huruma: ndugu ni mgonjwa, hana hamu ya chakula, ataka dada yake aje ampikie mikate mbele ya macho yake. Nani atamnyima mgonjwa? Hila haiji na sura ya hila. Kwetu huja ikisema, Mtoto huyu ana sauti nzuri, abaki kidogo baada ya wenzake tumfundishe. Au yasema, Nyumba hii ni ya maskini, mimi nitamlipia mtoto karo. Au yampa mtoto simu ya mkononi, zawadi ambayo baba yake hawezi kumpa, na pamoja na zawadi yampa siri ya kuitunza. Hatusemi ya kuwa kila mwenye kusaidia watoto ana nia mbaya. Mungu apishe mbali, maana wengi wetu tusingalisoma kama wasingalikuwapo watu wa namna hiyo. Twasema kwamba wema wa kweli hauhitaji siri wala faragha.

Tena, aliyemtuma Tamari ni Daudi mwenyewe, baba yake. Hakujua, ni kweli, wala hakuuliza. Mfalme alipeleka neno nyumbani, naye binti akaenda, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu. Ndugu, utii huu ndio tunaowafundisha watoto wetu kwa Amri ya Nne, nasi twafanya haki kuwafundisha. Lakini mtoto aliyefundishwa kutii, akitumwa na baba yake kwenda kwa mwalimu, au akiitwa na mchungaji wake, atawezaje kukataa? Kadiri tunavyomfundisha utii, ndivyo inavyotupasa sisi kuangalia ni kwa nani tunamtuma.

Liko na neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Amnoni aliamuru watu wote watoke, nao wote wakatoka. Palikuwa na watumishi katika nyumba ile. Waliona mikate imeandaliwa, wakaona mgonjwa hataki kula, wakasikia amri ya kutoka, wakatoka. Hakuna aliyesema, Bwana, mimi nitakaa hapa mlangoni. Huenda waliogopa, huenda hawakuwaza lolote. Baadaye mmoja wao aliitwa tena ili amtoe Tamari nje na kukaza mlango nyuma yake, naye akafanya alivyoambiwa. Twamfikiria mtumishi huyu mara nyingi. Hakuwa mtu mwovu kupita wengine. Alikuwa mtu wa kufanya alivyoambiwa.

Tamari alikataa kwa maneno ya hekima, akamwonyesha Amnoni uovu wa jambo lile na aibu itakayomfuata yeye na huyo ndugu pia. Hakusikilizwa, naye Amnoni alikuwa na nguvu kuliko yeye. Wako watu wanaouliza, Mbona mtoto hakukataa? Mbona hakupiga kelele? Huyu alikataa, na ilikuwa vile vile. Na wengi hawawezi kutoa sauti kabisa, maana hofu humfunga mtoto kinywa na viungo, hata akawa kama aliyekufa ganzi. Waganga wa siku hizi walijua sana jambo hili. Asidhani mzee wa kanisa ya kuwa kunyamaza kwa mtoto ni kuridhika kwake. Tena mbele ya sheria ya nchi yetu ridhaa ya mtoto haihesabiwi kuwa ridhaa.

Alipotolewa nje, Tamari hakuficha. Alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda zake akilia kwa sauti njiani. Ndipo Absalomu ndugu yake akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, wala asilitie jambo hilo moyoni. Absalomu alimpenda dada yake, hilo halina shaka. Hata alipopata binti alimwita jina lake Tamari. Walakini upendo wake ulimfunga kinywa yule aliyekuwa akilia, akakaa katika nyumba ya ndugu yake hali ya ukiwa.

Na Daudi? Alipata habari zote, akakasirika sana. Basi. Maandiko hayataji tendo lo lote alilolitenda. Tafsiri ya kale ya Kiyunani yaongeza sababu: hakumhuzunisha Amnoni mwanawe, kwa kuwa alimpenda, maana ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Sisi twaongeza sababu nyingine, nanyi mtapima kama ni ya kweli. Mfalme aliyekuwa amemtwaa mke wa Uria angelisema nini mbele ya mwanawe? Kiongozi mwenye jambo lake lililofichwa huona vigumu kufunua la mwenzake.

Ikapita miaka miwili mizima, kisha Absalomu akamwua Amnoni karamuni, wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Nyumba yote ya mfalme ilipotaharuki, Yonadabu yule yule akaja kumweleza Daudi kwamba jambo hili lilikusudiwa tangu siku Tamari alipotendwa jeuri (mstari wa 32). Kumbe alijua siku zote! Alikuwa akiingia na kutoka kwa mfalme miaka miwili, hakusema neno.

Sasa hatuna budi kusema habari zetu wenyewe, kwa maana si haki kuwahukumu watumishi wa Amnoni na kujinyamazia sisi.

Yapata miaka 20 iliyopita, tukiwa bado mwinjilisti kijana, tulikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja ambao hatutautaja. Alikuwako mwalimu wa kwaya, mtu hodari, aliyependwa na watu wote. Kwaya yake ilialikwa mahali pengi. Siku moja alikuja bibi mmoja mjane pamoja na mjukuu wake wa miaka 12. Mtoto hakusema kitu. Bibi alieleza kwa maneno machache aliyoyaona katika nguo za mtoto, na yale aliyoambiwa usiku. Wazee wakakaa wakaliwaza jambo hili tangu saa nane hata jua likachwa. Mmoja alisema kanisa litachekwa. Mwingine alisema mwalimu ana watoto wadogo, akifungwa watakula nini? Mzee mmoja tu, fundi wa viatu asiyejua kusoma sana, alisema yafaa kwenda polisi. Akaambiwa kwamba yeye hajui mambo ya kanisa. Mwisho mwalimu aliitwa, akalia machozi, akaomba radhi, akatoa mbuzi na blanketi kwa bibi. Akapewa barua ya utambulisho ili ahamie usharika mwingine. Nasi tukaandika katika daftari la baraza kwamba jambo limekwisha kwa amani. Mwandiko ni wetu.

Bibi alitungoja nje. Akasema, "Mwinjilisti, nasikia mmeandika kwamba limekwisha. Limekwisha kwa nani?"

Hatukuwa na jibu, tukamwambia amwombe Mungu. Baada ya miaka mitatu habari zilitufikia kutoka usharika ule mwingine. Safari hii walikuwa watoto wawili, mmoja wao mvulana. Barua ya utambulisho aliyokwenda nayo mwalimu yule ilimsifu bidii yake katika kazi ya Bwana.

Tangu siku ile tumejaribu kufahamu ni kitu gani kilichotupofusha. Hatukuwa watu wasiomjua Mungu. Tulifungua kikao kwa sala. Tena tulikuwa na maneno ya Mungu mdomoni, na kwa maneno hayo hayo tulimfunika mtoto.

Tulisema Amri ya Nane: tusimshuhudie jirani uongo, bali tumtetee na kuyaelekeza mambo yake yote kwa wema. Lakini Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 ameeleza amri hii kwa kirefu, naye apambanua wazi kati ya msengenyaji apelekaye maneno sokoni na mtu apelekaye habari kwa yule aliyewekwa kuhukumu na kuadhibu. Wa kwanza atenda dhambi. Wa pili afanya wajibu wake. Wala tusiisahau Amri ya Tano, ambayo katika Katekisimo Ndogo twafundishwa kwamba haitoshi kutomdhuru jirani, bali imetupasa kumsaidia katika kila hatari ya mwili wake. Mtoto yule alikuwa jirani yetu. Sisi tulihesabu kwamba jirani ni mwalimu.

Tulisema pia Mathayo 18, kwamba ndugu akikosa aonywe kwanza faraghani. Ndugu, sura hiyo haianzi katika mstari wa 15. Yaanza kwa Bwana Yesu kumwita mtoto mdogo na kumsimamisha katikati ya wanafunzi wake, kisha asema habari za jiwe la kusagia kwa yule amkoseshaye mmojawapo wa wadogo hao. Atakaye kulisoma neno la kuonya faraghani na ampitie kwanza mtoto aliyesimama pale katikati. Na hata hivyo onyo lile ni la ndugu aliyekosa kwa ndugu mwenzake. Si sheria ya kumpeleka mtoto wa miaka 12 akakae uso kwa uso na mtu mzima aliyemtenda jeuri. Tulifanya hivyo sisi. Tulimwambia mtoto arudie maneno yake mbele ya mwalimu, naye akatazama chini, tukaandika kwamba hakuthibitisha.

Lakini neno lililotushinda kuliko yote lilikuwa msamaha. Sisi Walutheri twajivunia neno la neema, kwamba mwenye dhambi ahesabiwa haki kwa imani pasipo matendo. Mwalimu alilia, akaungama. Nani angethubutu kumfungia mlango? Basi hapa yafaa twende polepole, kwa sababu ndipo kanisa letu linapoweza kupotea kwa urahisi, tena kwa kufikiri kwamba lafanya vema.

Mwezi wa Januari 2024 ilitolewa nchini Ujerumani taarifa ya uchunguzi uitwao ForuM, juu ya jeuri ya namna hii katika Kanisa la Kiinjili la nchi ile na katika kazi yake ya Diakonia. Wamisionari wa kwanza wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi hiyo, na wengi wetu tumepokea vitabu vya ibada na desturi za sharika kutoka huko. Kwa hiyo habari zao si habari za mbali. Wachunguzi walihesabu watu 2,225 waliotendwa vibaya, na watuhumiwa 1,259, tangu mwaka 1946. Tena walisema wazi kwamba hesabu hii ni ndogo kuliko mambo yalivyo, kwa kuwa majalada mengi ya watumishi hayakupitiwa. Watu wengi walizoea kudhani kwamba uovu huu ni wa makanisa ambayo mapadre wake hawaoi. Taarifa ile imeliondoa wazo hilo, maana wengi wa watuhumiwa walikuwa watu wenye wake, na nyumba ya mchungaji ilikuwa mojawapo ya mahali palipotendeka mambo hayo. Nao waliotendwa walieleza jinsi walivyohimizwa wasamehe upesi, na kwamba asiyesamehe alionekana kama yeye ndiye mwenye kuvunja amani ya usharika.

Tuliposoma habari hizo tulimkumbuka bibi yetu pale nje.

Basi msamaha ni nini? Nathani alimwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Na papo hapo akamwambia mambo yatakayompata kwa ajili ya tendo lile. Mambo mawili haya yalisemwa na kinywa kimoja, katika saa moja. Mtu aliyetubu kweli hakatai kuhukumiwa. Na mtu anayetaka msamaha ili asihukumiwe hajatubu bado, anajificha. Tena mwenye kusamehe kosa lililotendwa juu ya mtoto si baraza la wazee. Sisi hatukutendwa kitu. Tulikuwa wakarimu kwa mali ya mtu mwingine. Mtoto huyo akija kusamehe, hata kama ni baada ya miaka 30, ni kazi ya Roho Mtakatifu ndani yake, wala hakuna mzee awezaye kumwekea siku.

Imani yetu imelipambanua jambo hili tangu zamani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika fungu la 28, latenga uwezo wa Kanisa na uwezo wa serikali: Kanisa limepewa Neno na Sakramenti, na kumtenga mwovu bila nguvu za mwili, upanga umepewa serikali kwa kulinda miili ya watu. Basi baraza la wazee likichukua kosa la jinai na kulimaliza kwa mbuzi, limenyang'anya kazi ambayo Mungu hakulipa. Twawarudi watu wasiowapa maaskari heshima, na sisi wenyewe twawaficha maaskari habari!

Sheria ya nchi yetu ya Tanzania ni wazi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na mtu ye yote katika jamii mwenye habari ya kwamba haki za mtoto zavunjwa ana wajibu wa kuipeleka kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikusema, isipokuwa watu wa kanisa. Kwa sheria ya elimu kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule aweza kufungwa miaka 30; kwa hiyo shauri lile la kale la wazazi kukubaliana kwamba mtu yule amwoe binti, nalo lifutwe mawazoni. Wala tusijidanganye kwamba mambo haya ni machache. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, vijana wa miaka 13 mpaka 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walisema wamepatwa na jeuri ya kimwili ya namna hii. Mwalimu wa kipaimara mwenye darasa la watoto 40 na atulie ahesabu.

Sasa tuseme ya kutenda, maana wengi mtaisoma karatasi hii mkiwa na mkutano wa vijana mbele yenu.

Mtumishi mmoja katika nyumba ya Amnoni, angalikaa mlangoni, Tamari angalirudi nyumbani salama. Hiyo ndiyo kanuni yetu yote: asiwepo mtu mzima na mtoto peke yao mahali pasipoonekana. Darasa liwe na walimu wawili. Mafundisho ya faragha, kama yapo, yawe kanisani mlango ukiwa wazi, au chini ya mti watu wanapopita. Ofisi ya mchungaji iwe na dirisha lisilo na pazia. Twajua wachungaji wenzetu wengine hawapendi neno hili. Wanaona kama wanashukiwa. Sisi twaliona kuwa ngao, maana hata mchungaji hulindwa nalo asisingiziwe. Na ile desturi ya kuwatuma wasichana wa kipaimara kuteka maji na kupika nyumbani kwa mchungaji au kwa mwinjilisti, kwa zamu, mmoja mmoja, wazee na waikomeshe. Kama nyumba yahitaji msaada, waende akina mama.

Safari za kwaya na kambi za vijana zataka uangalifu zaidi ya yote, kwa sababu huko usiku ni mrefu na wazazi wako mbali. Wasichana walale mahali pao na wavulana pao. Pamoja na wasichana walale akina mama wawili au zaidi ambao majina yao yamejulikana kwa wazazi kabla ya safari. Pamoja na wavulana hali kadhalika wanaume wawili au zaidi, maana wavulana nao hutendwa vibaya, nao husema kwa shida kuliko wasichana. Watoto waandikwe kwa majina wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Tena fikirini habari ya gari linaporudi usiku: watoto hushushwa mmoja mmoja njiani, na mtoto wa mwisho hubaki peke yake na dereva. Mzee mmoja wa kike na akae garini mpaka mtoto huyo ameingia mlangoni kwao. Katika kesha, aangaliwe anayetoka nje na kukawia.

Na simu. Mwalimu hana neno la kumwandikia mtoto saa tano ya usiku ambalo mama yake asiweze kulisoma. Habari za mazoezi ziandikwe kwa wazazi, au mahali ambapo wote wasoma pamoja.

Anapokuja mtumishi mpya, awe mwalimu wa kwaya au wa shule ya Jumapili, usharika usiridhike na barua aliyokuja nayo. Twasema hivi sisi tulioandika moja. Piga simu kule atokako, uliza kwa mdomo: Je, mngemkabidhi tena watoto wenu? Kisha usikilize ukimya wake.

Na mtoto akija kwako na neno kama hili, msikilize. Usishtuke mbele yake, usimkemee, usimwulize maswali mengi kama hakimu. Mwambie kwamba amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kuitunza siri, kwa maana hutaweza. Mwambie kwa upole kwamba utawaeleza watu wawezao kumlinda. Kama jambo ni la siku hizi, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa ziko dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, nazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Hospitali nyingine zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo mganga, askari na afisa wa ustawi wa jamii huonana na mtoto mahali pamoja, asihangaishwe huko na huko. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na huko hupatikana fomu ya PF3. Iko pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haina malipo. Hata mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Kama mtuhumiwa ni ndugu wa nyumbani mwa mtoto, usimrudishe mtoto nyumbani kabla ya kuonana na afisa wa ustawi wa jamii.

Mtuhumiwa naye ni mtu wa Mungu. Asipigwe, asitangazwe sokoni, wala mimbara isitumiwe kumhukumu, yawezekana hakutenda. Lakini tangu saa ile asimame kando na kazi yote ya watoto mpaka serikali imemaliza uchunguzi wake. Kusimama kando si hukumu. Kama ni mchungaji, habari zipelekwe kwa mkuu wa jimbo na kwa askofu, na kwa polisi vile vile. Moja lisingoje lingine. Mchungaji atamtembelea mtuhumiwa, hata gerezani, na amhubiri toba na neema. Mchungaji mwingine, au mama mwenye hekima, amtembelee mtoto. Asiwe mtu mmoja kwa wote wawili.

Twawaomba wazee wa kila usharika wasome sura hii pamoja katika kikao chao kijacho, kisha waulizane maswali haya, kila mtu ajibu kwa zamu. Katika usharika wetu, ni mlango gani unaofungwa watoto wakiwa ndani? Ni nani kati ya watumishi wetu ambaye hatungeamini habari mbaya juu yake, hata ikiletwa na mtoto, na kwa nini? Je, liko neno katika daftari letu lililoandikwa kwamba limekwisha? Kama liko, na mtoto yule bado yu hai, nani atakwenda kwake?

Sisi tulikwenda, tukichelewa sana. Bibi alikwisha kufa. Mjukuu wake ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, wala haji kanisani. Alitupokea, akatuandalia kiti nje ya nyumba, si ndani. Tulimwambia kwamba tuliandika uongo, na kwamba mwandiko ulikuwa wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama daftari lile bado lipo. Tukamwambia lipo. Akasema angependa liandikwe upya, jina la bibi yake likiwamo, kwamba alikuja siku ile na alisema kweli. Baraza la wazee la usharika ule limekubali, na ukurasa umeandikwa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasoma 1 Samweli 2 na 3, habari za Hana aliyemleta mtoto wake katika nyumba ya Bwana, na za wana wa Eli aliowakuta mle.